Filamu Iliyonirudisha Wodini

Akina mama wenzangu, nyumbani kwangu adui mkubwa wa runinga nilikuwa mimi. Nikitoka zamu ya usiku nikamkuta binti yangu mbele ya sinema na vyombo havijaoshwa, maneno yangu mnayajua. Lakini mwezi uliopita nilikuwa likizo, nikaketi nao jioni mbili.

Jioni ya kwanza tulitazama Neria, filamu ya Zimbabwe iliyoongozwa na Godwin Mawuru. Mume wa Neria anagongwa na gari akiwa kwenye baiskeli. Machozi hayajakauka, shemeji Phineas anaanza kubeba mali ya marehemu, na watoto pia anawataka. Neria anakwenda mahakamani. Filamu ni ya zamani, na kesi inaisha upesi kuliko zetu zinavyoisha. Lakini Baba Watoto, aliyejifanya anasoma gazeti, aliliweka chini akauliza, "Hivi hati ya kiwanja chetu ina jina la nani?" Jibu alilijua. Kesho yake tulizungumza habari ya wosia, jambo ambalo kwa miaka mingi alisema ni kujiitia kifo.

Jioni ya pili ilikuwa A Walk to Beautiful, ya mwaka 2007. Hii si ya kuigiza. Inafuata wanawake watano wa Ethiopia wenye fistula. Mama anashikwa na uchungu siku kadhaa bila msaada, kichwa cha mtoto kinabana nyama za nyonga mpaka zinakufa, na tundu linabaki kati ya kibofu na njia ya uzazi. Mkojo hutoka wenyewe, usiku na mchana. Mmoja wao aliishi katika kibanda nyuma ya nyumba ya mama yake. Walitibiwa katika hospitali ya fistula ya Addis Ababa, iliyoanzishwa mwaka 1974 na madaktari Catherine Hamlin na mumewe Reginald. Si wote waliopona kabisa, na nimeipenda filamu hiyo kwa kutolificha hilo.

Binti yangu alilia. Mimi nilikumbuka mwaka wangu wa kwanza kazini. Wodini kwetu alilazwa mama kijana mwenye shida hiyo. Wagonjwa walilalamikia harufu, nami nikasogeza kitanda chake hadi mlangoni, tena kwa sauti ambayo wote waliisikia. Hakusema neno. Alfajiri kitanda kilikuwa kitupu na shuka amelikunja vizuri. Kitabuni nikaandika "ametoroka". Leo najua kwamba nilimfukuza.

Nimemwomba Mungu msamaha. Yeye sijui aliko nimwombe.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Neria itazameni pamoja na waume zenu, bila kuwasukuma ubavu. Hii ya pili nitaionyesha katika kikundi chetu cha akina mama kanisani, nami nitafasiri. Fistula nyingi hutibika kwa upasuaji, na hapa kwetu hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huwatibu akina mama hao bila malipo.

Na kama yuko mama jirani aliyeacha kuja ibadani tangu ajifungue, msimseme. Mwendeeni nyumbani, mketi karibu naye.