Nilipiga Plasta Juu ya Ufa

Kisu kilikuwa kile cha kumenyea mihogo. Nilipanda kiti nyuma ya nyumba aliyoniachia mama, hapa Kamembe, nikakichomeka kwenye boriti iliyolala juu ya ukuta, ile inayobeba kenchi na mabati. Kiliingia hadi mpini bila kukutana na kitu kigumu. Nilipokichomoa, vumbi la udongo lilinimwagikia mkononi, na ndani ya vumbi walikuwamo wadudu weupe, laini, wakihangaika kutafuta giza. Mchwa. Kwa Kinyarwanda ni umuswa. Nilishuka, nikaosha kisu, nikarudisha kiti sebuleni. Wiki mbili baadaye nilivipangisha vyumba viwili vya upande huo kwa mama mmoja kijana mwenye mtoto wa kiume wa miaka saba.

Hilo ndilo kosa langu. Nimelitanguliza ili msomaji asidhani kwamba linakuja jambo la bahati mbaya.

Sisi watu wa wilaya hii ya Rusizi tuna jina moja kwa kila ufa: tetemeko. Tuna sababu. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, watu wakiwa ibadani, ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Makanisa yaliwaangukia waumini. Upande wetu wa Rwanda walikufa zaidi ya watu 30, na wengine walikufa Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo. Nyumba ya mama ilibaki wima. Aliizunguka mara mbili, akakuta ufa mmoja tu, umeanzia pembe ya dirisha la jikoni na kupanda mshazari kuelekea paani. Aliupapasa kwa kidole, akasema Alhamdulillahi. Tangu siku hiyo nyumba ilipata heshima mtaani, na mama alipofariki niliirithi pamoja na fahari yake.

Kwa hiyo ufa wa pili ulipotokea, kisha wa tatu, sikuuliza. Agosti 2015 ardhi ilitikisika tena usiku, nikapata kisingizio cha miaka mingine. Lakini nyufa hizi hazikufanana na ule wa mama. Wake ulikuwa wa mshazari na haukuwahi kukua. Hizi zilikuwa zimelala, zikifuata chini ya boriti kama zilizopigiwa rula, na kila mvua zilipanuka. Tetemeko hupasua siku moja likaondoka. Ufa unaopanuka msimu hadi msimu una kitu kinachoulisha, na mimi niliuona ukipanuka.

Kila mwaka kabla ya Idi nilimwita kijana achanganye saruji na mchanga, azibe, apake rangi. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliziba nyufa miaka minne mfululizo, na ukuta nimeujenga. Nyumba yetu ni ya rukarakara, matofali ya udongo yasiyochomwa, na mafundi wa zamani waliukanyaga udongo pamoja na majani makavu ili usipasuke ukikauka. Majani yale kwa mchwa ni chakula. Tena udongo hupumua. Saruji haipumui hivyo. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hunaswa nyuma ya plasta, tofali hulainika, plasta huachana nalo kidogo kidogo, na katikati hubaki mwanya mwembamba wa giza na unyevunyevu. Mchwa wa ardhini hawakai ndani ya mbao wanayoila. Makao yao yako chini, aliko malkia, na kupanda juu hujijengea vijia vya udongo, vyembamba kama penseli, kwa kuwa miili yao hukauka upesi ikipigwa na jua na upepo. Vijia hivyo nilikuwa nikiviona nyuma ya rundo la kuni nililoliegemeza ukutani. Nilivifagia, nikaona kazi imekwisha. Baada ya plasta sikuviona tena, kwa sababu nilikuwa nimewafichia njia kwa pesa yangu mwenyewe.

Panya nao niliwaleta mimi. Nafanya biashara ya sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, na magunia ya sambaza kavu niliyapanga stoo yakigusa ukuta uleule. Panya walichimba chini ya msingi, na msingi wa zamani ni mawe yaliyoshikwa na udongo tu. Upande huo sikuwa nimeweka mfereji wa kukinga maji ya paa. Maji yalidondoka moja kwa moja kwenye mashimo yao, yakaingia chini ya ukuta, na ukuta ukaanza kushuka taratibu. Huku juu unaliwa, huku chini unaloa.

Mpangaji wangu aliniambia mara tatu. Mara ya kwanza alinijia viganja vimejaa mabawa. Mvua ya kwanza ya Septemba ilikuwa imenyesha usiku. "Mama, hawa kumbikumbi hawakuingia dirishani. Wametoka ukutani, nimewamulika kwa simu." Mtoto wake alikuwa amewakusanya kwenye sufuria ili wakaangwe. Nikamjibu kwamba kumbikumbi hufuata taa, mwanangu. Ni kweli hufuata taa. Niliitumia kweli hiyo kufunika nyingine: kumbikumbi ni mchwa walioota mabawa, na wakitoka ndani ya ukuta wako, basi kundi limekuwa kubwa kiasi cha kutuma wana wake wakaanzishe makazi mapya.

Mara ya pili mlango wake ulikuwa unakwama. Nilileta seremala akaupiga randa, ingawa mbao haikuwa imevimba. Ni fremu iliyokuwa imepinda pamoja na ukuta. Mara ya tatu alisema udongo unamwangukia kitandani. Nikapaka rangi.

Nilikuwa nimepiga hesabu, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Mbao za mkaratusi, misumari, kung'oa mabati na kuyarudisha, ujira wa fundi: jumla ilikuwa sawa na kodi ya miezi kumi na moja. Nikaamua kodi ije kwanza, mbao zifuate. Mwezi wa saba wa hiyo kumi na moja, usiku wa mvua ya Aprili, boriti ilikatika. Kenchi zilishuka upande mmoja, na safu za juu za matofali ziliporomokea ndani, kwenye kitanda cha mtoto. Alivunjika mtulinga na kuchanika kichwani. Tulimkimbiza hospitali ya Gihundwe kwa pikipiki, mama yake amempakata, mimi nyuma yao kwa pikipiki nyingine.

Asubuhi mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chetu, alikuja na daftari. Nikamwambia ni mvua, na zile nyufa za tetemeko. Akaandika hivyo. Majirani walinipa pole, na pole zao nilizipokea siku tatu nzima.

Siku ya nne alikuja fundi mzee kutoka Bukavu kusafisha kifusi. Aliokota kipande cha boriti, akakigonga kwa mpini wa nyundo. Kililia utupu. Nje kilikuwa na rangi niliyopaka, nzima kabisa. Ndani zilibaki tabaka nyembamba za mbao kama kurasa, na udongo kati ya kurasa. "Mama, hii haikuanza mwaka huu," alisema, akaniangalia, akaendelea na kazi.

Nilimwomba anipitishe vyumba vilivyobaki. Alishusha timazi kwenye kila ukuta, akanionyesha mmoja uliotoka tumbo ambao kwa macho nilikuwa nauona umenyooka. Aligonga plasta kwa ncha za vidole, na palipolia utupu aliibandua: vijia vilikuwa nyuma yake, vibichi. Mwisho wa kila ufa alichora alama ya penseli na kuandika tarehe, na juu ya ufa mmoja alibandika kipande chembamba cha plasta, akakiita shahidi. Kikivunjika, ukuta bado unatembea. Kazi hiyo yote ilimchukua asubuhi moja, kwa penseli, nyundo na uzi.

Jioni nilikwenda kwa mama mtoto, kwa dada yake alikohamia. Gharama za hospitali nilikuwa nimelipa, na alikuwa amenishukuru kwa hilo, shukrani iliyoninyima usingizi. Nikamweleza habari ya kisu, kiti, wadudu mkononi. Alisikiliza akikunja nguo za mtoto zilizotoka kuanuliwa. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Siku uliyochomeka kisu, mama, sisi tulikuwa tumeshahamia?"

"Bado," nikamwambia. "Mlikuja wiki mbili baadaye."

Alikunja fulana ndogo, akaikunjua, akaikunja tena. Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa mkuu wa mudugudu, nikamwomba afungue daftari lake.