Majina Katika Kanisa la Mkunazini

Kuta za kanisa kongwe ni mfano wa daftari: aliyeandikwa husomwa, asiyeandikwa husahauliwa. Wazo hili hunijia kila niingiapo Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa.

Soko lilifungwa kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia sahihi tarehe 5 Juni 1873. Siku ya Krismasi ya mwaka uo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Mjenzi wake, Askofu Edward Steere, alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Sisi wapenzi wa Kiswahili tuna deni kwake, maana mwaka 1870 alichapisha hadithi alizosimuliwa Unguja. Mabaharia Waingereza waliokufa katika kuyasaka majahazi ya watumwa nao wana ukumbusho wao humu. Upo pia msalaba uliochongwa katika mti ambao chini yake moyo wa David Livingstone ulizikwa, huko Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Heshima hizi ni za haki. Mtenda wema hastahili kunyimwa jina lake. Walakini mwili wa Livingstone ulifika pwani mabegani mwa Susi, Chuma na wenzao, baada ya mwendo wa miezi mingi. Ni wangapi wautazamao msalaba ule huwakumbuka wachukuzi?

Na waliouzwa hapa, je? Bei zao ziliulizwa. Majina yao hayakuulizwa. Katika miaka ya 1990 ziliwekwa uwanjani sanamu tano, kazi ya Clara Sörnäs, mchongaji wa Sweden: watu wamesimama shimoni, minyororo shingoni. Kila sanamu ina uso wake, wala hakuna yenye jina. Nina desturi ya kulitamka polepole jina la marehemu nilionalo limeandikwa. Mbele ya sanamu hizo ulimi wangu hukosa la kutamka. Mkombozi ana kaburi, mkombolewa hana hata herufi.

Basi kazi ya mwanachuoni si kuyafuta majina yaliyomo ukutani, bali kuyatafuta yaliyokosekana: katika hati za zamani, katika madaftari ya misheni, na katika vinywa vya wazee. Kila jina litakalopatikana litapunguza deni. Na deni la maiti hulipwa na walio hai.