Ruta Ilichukua Sekunde 40, Mimi Miezi 8

Wasee, mnajua niliacha kampasi mwaka wa pili. Kile sijawahi kuwaambia ni kwamba somo moja la pale bado linanisumbua hadi leo.

Tulikuwa maabara ya kompyuta. Lekchara alipanga ruta tatu kama pembetatu: A inafika B moja kwa moja, ama inazungukia C. Kati ya A na B aliweka swichi mbili, halafu akachomoa waya unaounganisha swichi hizo. Upande wa A taa ilibaki kijani. A haikujua kitu.

Ruta za OSPF kwa kawaida husalimiana kila sekunde 10. Jirani akinyamaza sekunde 40, ndipo anahesabiwa amekufa. Tulihesabu kwa sauti, darasa zima. Muda huo wote A ilikuwa inatupa data kwenye waya uliokatika, na njia ya C iko pale wazi. Ndipo ruta zikapashana habari, zikahesabu njia upya, data ikapita.

Huo muda wa kukubaliana njia mpya ndio watu wa mitandao mikubwa hupigania kupunguza. Kuna BFD: ruta mbili zinabishiana hodi haraka haraka. Ukiipanga kwa milisekunde 50, hodi tatu zikikosa jibu inapiga kengele, milisekunde 150 tu. Pia ruta huweka njia ya akiba mapema, kabla mambo kuharibika. Lakini ukiharakisha kupita kiasi, waya ukiyumba kidogo tu, ruta mia nzima zinaanza kuhesabu upya bure.

Sasa mimi. Nilipoacha masomo, sikumwambia mathe. Miezi 8. Kila mwezi alitoa pesa kwa kibanda chake cha mboga, akanitumia kwa simu, "ya fees." Najibu, "Asante mum, masomo yako poa." Taa ya kijani. Hiyo pesa ililipa rent na bando.

Siku niliyomwambia, alinyamaza kwanza. Halafu: "Si ungeniambia tu mapema, mwanangu? Mjomba wako alikuwa anatafuta kijana wa kumsaidia duka la simu. Alishapata mwingine."

Hakunigombeza. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Njia ya akiba ilikuwepo, na ni mimi nilimficha kwamba ile ya kwanza imekatika.

Waya kukatika ni kawaida, hata mitandao mikubwa hukatika. Kinachomaliza watu ni ule muda mtu anaendelea kukutumia kila kitu chake, akidhani kinafika.

Siwaambii mkimbie nyumbani kila mkifeli CAT moja. Huo ni waya kuyumba tu. Lakini kama umeshajua imekatika, piga simu leo.

Mimi mathe namrudishia kidogo kidogo. Nimefikisha miezi 3. Imebaki 5.