Chupa ya Magego kutoka Tarime

Kabla vichwa vya bandia havijazoeleka vyuoni, mwanafunzi wa udaktari wa meno alijifunza kuchonga na kuziba kwa kutumia meno ya watu. Hayakuuzwa dukani, kila mmoja alijitafutia. Kijana mmoja wa Turwa, wilayani Tarime, aliyesomea kazi hiyo miaka ya 1980 ikielekea ukingoni, aliyatafuta nyumbani.

Shahada ya udaktari wa meno ilikuwa imeanza kufundishwa Muhimbili mwaka 1979. Orodha aliyopewa na walimu wake ilikuwa fupi: meno ya mbele, chonge, magego madogo na makubwa, yote yawe na mizizi kamili, na mengi yasiwe yameoza. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Watu wengi huenda kung'oa jino baada ya kukesha na maumivu siku nyingi, na kinachotoka ni ganda tu.

Likizoni alikwenda kwa tabibu wa meno wa mjini.

“Shikamoo mzee. Nimekuja kuomba meno.”

“Marahaba. Kwani yako yamefanya nini?”

Baada ya kicheko, chupa ya jamu iliyojaa maji ya chumvi ikawekwa kwenye kona ya meza. Kila jino lililong'oka likiwa na sura lilitumbukizwa humo. Jioni kijana aliyakwangua ukoga na mabaki ya nyama, akabadilisha maji. Hakuyaacha yakauke, maana jino kavu hupasuka, na likiguswa na mashine ya kuchongea linameguka vipande.

Wagonjwa hawakuulizwa. Jino likishatoka lilihesabiwa kuwa taka, basi. Lakini wapo waliouliza. Bibi mmoja, shavu likiwa bado na ganzi, alinyoosha kiganja akadai gego lake, akalifunga kwenye ncha ya kanga na kuondoka nalo. Hakuna aliyembishia.

Wakati huo UKIMWI ulikuwa umeshabadili mambo. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria, na damu ikaanza kuogopwa hata ikiwa imeganda kwenye mzizi. Maji ya chumvi yakaonekana hayatoshi. Ikaja fomalini ya asilimia 10, na harufu yake iliyowatoa wanafunzi machozi. Nayo haikudumu bila doa: mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza fomaldehaidi, kemikali iliyomo ndani yake, kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Njia nyingine ya kuyasafisha meno ni kuyachemsha kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 40. Meno yaliyozibwa kwa amalgamu hutengwa, kwa sababu joto hutoa mvuke wa zebaki, na huo ni sumu.

Kisha yakaja meno ya plastiki kutoka Ujerumani na Japani, yakifungwa kwa skrubu kwenye taya la kichwa cha bandia. Ni safi, yanafanana, na mtahini anaweza kuwapima wanafunzi wote kwa jino la aina moja. Tatizo ni huko kufanana. Jino la mtu lina gamba gumu la nje, na ukishalipenya mkono unahisi ulaini wa ndani. Penye uozo, chombo kinazama. Plastiki ya kawaida haina habari hiyo. Kwenye tiba ya mzizi tofauti ni kubwa zaidi: gego kubwa la kwanza la juu mara nyingi lina mfereji wa nne, mwembamba, ambao hata daktari mzoefu huweza kuupita bila kuuona.

Kwa hiyo chupa haijatoweka. Masharti yake ndiyo yaliyobadilika. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2004 kuhusu viungo na tishu za binadamu, jino lililong'olewa limo miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Kijana wa Turwa, ambaye sasa ana mvi, huwataka wanafunzi wamwombe mgonjwa ruhusa kabla ya ganzi, na wasiandike jina lake kwenye chupa.

Nawe ukiombwa jino lako, uliza litasafishwaje na litatumika kwa kazi gani. Ukiridhika, litoe. Usiporidhika, kataa, na utibiwe vilevile.