Saa Tisa Nchi Kavu

Meli ya kitalii ikifunga kamba Kilindini saa moja asubuhi, abiria wake ana takriban saa tisa. Saa kumi jioni lazima awe amerudi ndani, la sivyo meli inaondoka na nguo zake. Kuna mtu ambaye tayari ameshampangia hizo saa tisa: basi la saa mbili, ngome saa tatu, vinyago saa tano, chakula, twiga, kurudi. Mtu huyo, mara nyingi kuliko unavyodhani, ni kijana aliyekaa na kompyuta kwenye chumba cha kupanga, na hajawahi kukanyaga meli. Mwaka huu kijana huyo nilikuwa mimi.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, na tangu hapo nakula kwa kuandika. Leo faida za chai ya kijani, kesho jinsi ya kutoa doa kwenye zulia. Safari hii mteja alikuwa tovuti ya mambo ya safari. Mhariri alitaka maneno 1,200 juu ya mambo ya kufanya Mombasa kwa abiria wa siku moja, senti 2 za dola kwa neno. Piga hesabu mwenyewe: dola 24. Kwenye maelekezo alisisitiza kwamba Mombasa ni kisiwa, na msomaji auone ukisiwa wake. Hapo nilicheka kidogo. Ni kweli mji ni kisiwa. Lakini sisi watu wa Bamburi tuko bara, ng'ambo ya Daraja la Nyali, na ule mchanga mweupe unaotiwa kwenye picha za hicho kisiwa uko huku kwetu.

Orodha yenyewe haina shida, inajiandika. Fort Jesus. Mji wa Kale. Pembe za Moi Avenue, zilizowekwa miaka ya 1950 kuupokea ukoo wa kifalme wa Uingereza, na ambazo wageni wengi hupiga picha wakidhani labda ni za ndovu, kumbe ni bati. Wachonga vinyago Wakamba kule Changamwe. Haller Park. Na kwa mwenye haraka ya kuona ndovu, basi la alfajiri hadi Tsavo Mashariki, zaidi ya kilomita 100, aone wale ndovu wekundu kwa udongo kisha arudishwe mbio kama mtoto wa bweni.

Usidhani ni jambo dogo, lakini. Novemba 2005 maharamia waliishambulia meli ya kitalii Seabourn Spirit nje ya pwani ya Somalia, ikiwa njiani kuja hapa Mombasa. Iliponyoka, ikageuza kuelekea Ushelisheli. Miaka kadhaa baada ya hapo, kampuni nyingi zilitukwepa. Tulipoanza kupumua, ikaja korona 2020. Kwa hivyo meli ikitokea, watu hujipanga langoni tangu giza: wacheza ngoma, madereva wa teksi, wauza shanga. Jirani yetu anakodisha tyubu za kuogelea pale Pirates, yaani ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, na yeye hujua meli imeingia kabla ya redio. Nilimuuliza meli humletea wateja wangapi. Akaniambia, "Mimi huona mabasi yao yakipita barabarani, yana vioo vyeusi."

Jibu hilo lilinikaa kichwani. Nikaamua kabla sijaandika neno lolote, niizunguke hiyo orodha kwa miguu yangu na saa mkononi. Na niende na Mama.

Mama ni dobi kwenye hoteli moja ya ufuoni. Miaka 19 amefua shuka na taulo za watu waliokuja kuona Mombasa. Mwezi wa tano wageni hupungua, mvua hunyesha, na hoteli huwatuma wafanyakazi nyumbani bila mshahara hadi "tutawapigia." Mwaka huu walimtuma mapema kuliko kawaida. Alikuwa ameketi barazani wiki ya pili sasa, anapembua mchele uliokwisha kupembuliwa. Nilipomwambia tutoke tukafanye utalii, aliniangalia kama niliyeomba kuoa.

"Utalii wa nini na mimi naishi hapa?"

"Umeshaingia Fort Jesus?"

"Nimeipita."

Tukapanda matatu, Bombolulu, Kongowea, daraja, mjini. Saa tatu kamili tukawa mlangoni. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni, na bado Mama aliisoma bei mara mbili. Ndani, kijana mwenye kitambulisho alikuwa akiwaeleza wageni wawili. Wareno walianza kuijenga 1593, mchoraji ramani wake alikuwa Mtaliano Cairati. Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi 1698, karibu miezi 33, watu wakafa kwa njaa na maradhi humu humu. UNESCO wakaiingiza kwenye urithi wa dunia 2011. Yote kweli, na anayaeleza vizuri.

Mama alingoja wageni wasogee, akamuuliza: "Na jela ilikuwa wapi?"

Kwa sababu Waingereza walipoichukua, waliifanya gereza tangu 1895 hadi 1958. Hiyo ni miaka 63, na kwenye vitabu vingi vya watalii inapewa sentensi moja. Babu yake Mama alifungwa humu kwa kukosa kodi. Sikuwa nalijua hilo. Nimeishi na huyu mama miaka yangu yote, na ilibidi tukate tiketi ndipo anieleze. Alisema babu alitoka akiwa hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa, na mpaka anakufa, nyumba yao kule Kilifi ililala wazi. Kijana akatuonyesha alipojua kuonyesha. Mama akaweka kiganja ukutani, kwenye lile jiwe la matumbawe, akakiweka kwa muda. Kisha akasema twende, kuna jua.

Mji wa Kale tulipita msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, tukanywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo. Biashara Street nikawa nimempangia dakika ishirini. Alitumia saa nzima. Leso hainunuliwi kwa rangi, hununuliwa kwa jina, na Mama alisoma majina ya leso kama hakimu anayesoma faili, anaguna, anacheka peke yake, anarudisha. Mwishowe akanunua jozi moja na akakataa kuniambia amemkusudia nani.

Kufika Haller Park ilikuwa saa saba na nusu, tumerudi bara. Hapa ndipo nilipotarajia aseme "aa, hapa napajua," maana tunaishi karibu. Alikuwa hajaingia tangu shule ya msingi. Nikamweleza kama mwongoza wageni. Hapa palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji kilianza kuzalisha 1954, kikachimba jiwe la matumbawe mpaka pakabaki uwanda mweupe, wa moto, maji yake ya chumvi, haumei kitu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, akaanza kujaribu miti. Alijaribu aina 26, zikastahimili chache tu, na mvinje ukawa shujaa. Lakini mvinje ulipodondosha majani yake, yale kama sindano, hayakuoza, yalirundikana tu. Mpaka wakaletwa majongoo. Majongoo wakayala majani, kinyesi chao kikawa udongo, na kwenye udongo huo ndipo msitu wote huu ukasimama.

Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo kazi yote aliifanya jongoo."

"Ndiyo."

"Na bustani ikaitwa jina la Mzungu."

Sikuwa na la kujibu. Tukaenda kuangalia twiga. Nikamwonyesha pia mahali ilipoanza ile hadithi ya kiboko Owen, mtoto aliyeokolewa pwani ya Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004 akaletwa hapa, akajibandika kwa kobe mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mamake. Dunia nzima iliwajua wale wawili, wakaandikiwa hadi vitabu vya watoto. Mama alipenda hiyo. "Kobe aliulizwa?" akauliza.

Saa tisa tukawa ufuoni. Hapa niseme jambo ambalo orodha za safari haziandiki: ratiba ya meli haijui maji. Bahari yetu hujaa na kupwa kila baada ya saa sita hivi, na kila siku hukawia karibu dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, kina hupanda zaidi ya mita 3. Ukifika Bamburi maji yamejaa, huna ufuo, una ukuta na mawimbi. Ukifika yamekupwa, unatembea mpaka karibu na mwamba, unaona pweza, kombe, nyasi za bahari, watoto wenye ndoo. Ni bahari mbili tofauti. Mgeni aliyeletwa saa nane kwa sababu karatasi imesema saa nane ameona mojawapo tu, na anaondoka akidhani ameona Bamburi.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mama alivua ndara akasimama. Tuliona hoteli anayofanyia kazi, umbali wa kama mita mia nne, na zile taulo za bluu zimeanikwa, chache. Akasema, "Naijua kila taulo pale. Huku mbele sijawahi kusimama." Wafanyakazi hawaruhusiwi kutokea upande wa bahari. Wanaingia kwa lango la nyuma, wanatoka kwa lango la nyuma. Na vichochoro vya wananchi kufika ufuoni vinazidi kupungua, ukuta kwa ukuta.

Nikamsomea kutoka kwa simu. Katiba ya 2010, kifungu cha 62: ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Akaniambia nisome tena, polepole. Kisha akauliza, "Yaani hapa niliposimama?" Nikamwambia hapo hasa. Akatazama chini miguuni, akapiga hatua tatu mbele, mpaka maji yakamfika vifundoni, akakaa. Na gauni lake. Akakaa tu kwenye mchanga maji yakimpapasa, mwanamke wa miaka 52, na leso mpya ameikunja kichwani isilowe.

Makala niliyaandika usiku ule. Niliweka ngome na miaka yake 63 ya gereza, niliweka majongoo, niliweka maji kujaa na kupwa, na nikashauri abiria ashuke kwenye basi aje Pirates kwa matatu, akodi tyubu, ale viazi karai na kachri za muhogo, amlipe mtu mkono kwa mkono. Mhariri akajibu kwa adabu. Gereza likatoka, "linaharibu hali ya likizo." Matatu ikatoka, kwa usalama. Majongoo yalibaki, aliyapenda sana. Maji yalibaki pia. Dola 24 ziliingia siku ya kumi na nne, nikalipia stima na unga.

Hoteli ilimpigia Mama mwanzo wa Julai. Mkataba wa miezi mitatu, kama kawaida. Akatia sahihi, maana hasira hailipi kodi ya nyumba. Ila sasa saa ya mapumziko hakai tena kwenye benchi la jikoni. Anatoka kwa lango la nyuma, anazunguka kichochoro kilichobaki, anashuka ufuoni na mahamri yake kwenye karatasi. Siku ya kwanza askari wa hoteli alimfuata akamwambia huku mbele ni kwa wageni.

"Wageni wenu wako juu kwenye viti," Mama akamjibu. "Mimi nimekaa palipokupwa."

Ananisimulia akicheka. Siku hizi ndiye anayeniuliza mimi jedwali la maji la wiki, nalinakili kwenye karatasi, naye analibandika kando ya kalenda ya zamu.