Kiroba cha Diski

Diski zilikuwa 63. Nilizihesabu mara mbili sakafuni kwa Bibi, Ujiji, nikizitoa mojamoja kwenye kiroba kilichokuwa kikinuka dagaa. Karibu zote hazikuwa na kasha. Juu zimeandikwa kwa kalamu nene, kwa mwandiko wa Baba mdogo: Mieleka. Magari ya Wizi. Mpira Mpya. Mpira Mpya 2. Mpira Mpya Kweli.

Hizo ndizo mali zilizobaki za banda lake la gemu, lililokuwa hatua chache kutoka mwaloni. Televisheni mbili za kichogo, PlayStation 2 mbili, pedi nne ambazo mojawapo kila siku ilikuwa mbovu, na mabenchi. Mechi moja shilingi 100. Mimi nilikaa mlangoni na kopo la sarafu na daftari, kwa sababu nilijua hesabu na kwa sababu hakuna kijana wa mtaa ule aliyethubutu kubishana na mjukuu wa Bibi. Kucheza niliruhusiwa asubuhi tu, kabla wanaume hawajaamka.

Biashara ilifuata mwezi, na simaanishi mshahara. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawaifuati taa, kwa hiyo siku hizo mitumbwi hupumzika. Vijana walikuwa nchi kavu, wana hela na hawana kazi. Daftari langu la mwaka 2010 lingeweza kukuonyesha mwezi mpevu bila kutazama angani.

Banda lilifungwa simu zilipoingia kila mfuko. Miaka michache baadaye maji ya ziwa yakapanda, yakala nyumba na miembe kando ya ufuko, na Bibi akaamuru vitu vyote vya chumba kile vihamishiwe kwake. Diski zikaingia kwenye kiroba kilichokuwa karibu.

Mimi sasa nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, mambo ya nyaraka na uhifadhi. Nilikwenda Ujiji likizo na kompyuta na kisomea diski cha nje.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Unazitakia nini hizo?"

"Nataka kuziingiza kwenye kompyuta, zote."

"Hizo zilishakufa."

Hazikuwa zimekufa zote. Zilikubali 58. Watu hudhani diski ya CD huuawa na mikwaruzo ya chini, ule upande tuliokuwa tukiusugua kwa dawa ya meno. Upande wa chini una plastiki nene kiasi, unavumilia. Utando unaoakisi mwanga uko juu, chini tu ya maandishi, na ukichubuka pale data imeondoka nao. Mpira Mpya 2 ukiinua kwenye jua unaona mianga kama paa la bati lililotobolewa na misumari.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana naipenda. Ukisoma diski ya CD nzima kwa kompyuta unapata mafaili mawili. La kwanza, BIN, ni diski yenyewe, sekta baada ya sekta, kila sekta baiti 2,352. La pili, CUE, ni maandishi ya mistari michache yanayosema kipande kipi kinaanzia wapi, data iko wapi na muziki uko wapi. Ukipoteza CUE, BIN inakuwa kitabu kisicho na kurasa zilizoandikwa namba. Diski za DVD ni rahisi zaidi, zinatoka kama faili moja la ISO. Yote haya ni mazito. Yangu yalifika gigabaiti 88 na kompyuta yangu ilibakiwa na 110.

Dawa yake ni CHD. Muundo huu ulizaliwa kwenye MAME, mradi ulioanza mwaka 1997 wa kuhifadhi mashine za gemu za kumbi, na mwanzoni ulikusudiwa kubeba diski ngumu za mashine hizo. Programu yake ndogo inaitwa chdman. Unaipa CUE au ISO, inaikatakata diski vipande, inabana kila kipande peke yake, inaandika faili moja. Hakuna kinachotupwa. Ukitaka kurudi nyuma unarudi, baiti kwa baiti, na ndani ya faili kuna alama ya hesabu inayokuwezesha kuthibitisha kwamba hakuna kilichobadilika. Picha tunazotumiana kwenye simu hubanwa kwa kutupa, CHD hubana kwa kukunja. Na kwa kuwa vipande vimebanwa kimoja kimoja, emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye PlayStation, inaweza kucheza moja kwa moja humo humo bila kufungua faili zima.

Kugeuza diski moja ni amri moja. Kugeuza 58 kwa mkono ni adhabu. Kwa hiyo unaandika skripti ya mistari michache: kwa kila CUE iliyomo kwenye folda hili, fanya CHD yenye jina lilelile, ukimaliza, fanya hivyo kwa kila ISO, kisha thibitisha kila moja. Ukibonyeza, umemaliza, kilichobaki ni cha mashine. Niliibonyeza baada ya swala ya Isha, nikaiweka kompyuta juu ya stuli karibu na dirisha ipate hewa, nikalala kwa kuibia. Feni yake ilikuwa ikilia kama nyuki chumba kizima. Bibi aliamka mara moja akauliza kama kitu kile hakitalipuka.

Alfajiri gigabaiti 88 zilikuwa 53. Nilitarajia kushuka zaidi. Gemu nyingi za PlayStation 2 zina ujazo wa uongo, mabilioni ya sifuri waliyoyajaza watengenezaji ili data halisi ikae pembeni mwa diski, ambako husomwa kwa kasi zaidi. Sifuri zinabanika mpaka zinakaribia kuwa si kitu. Lakini CD za Baba mdogo hazikubanika. Mtu alikuwa ameshazibana kabla yangu.

Hapo ndipo nilipoanza kuzitazama vizuri. Zilikuwa feki, hilo kila mtu wa mtaa alijua. PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000, Sony ikauza zaidi ya milioni 150 duniani, na zile mbili zetu zilikuwa zimechipuliwa zikubali diski yoyote. Baba mdogo alizinunua Kariakoo, zikasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni kwenye reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Nilichokuwa sijui ni kwamba fundi fulani, mahali fulani, alikuwa amechukua gemu ya DVD ya gigabaiti kadhaa akaichinja mpaka ikaingia kwenye CD ya megabaiti 700, kwa kuwa CD tupu ilikuwa rahisi. Alikata filamu za ufunguzi. Alikata muziki. Kwenye mpira, alikata mtangazaji.

Wanaohifadhi gemu duniani wana rejista kubwa inaitwa Redump. Unachukua alama ya hesabu ya diski yako, unalinganisha na ya rejista, ikifanana unajua nakala yako ni kamili. Nilipopata mtandao mzuri Mwanga nililinganisha zangu zote. Hakuna hata moja iliyofanana. Rejista ile ni ya diski halisi zilizotoka kiwandani, na kwa macho yake kiroba cha Bibi ni taka 58.

Siwalaumu, rejista lazima iwe na mpaka. Wala sitajifanya kwamba sheria haipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na kwa sheria hiyo Baba mdogo hakuwa na hoja ya kujitetea. Ila darasani tunafundishwa kuuliza waraka ulitumikaje, na nani, wapi. Diski halisi ya Winning Eleven haikutumika Ujiji. Sijawahi kuiona hata moja. Iliyoichezesha Ujiji miaka sita ni hii iliyokatwa ulimi, na kwa mtu anayetaka kujua vijana wa mwaloni walikuwa wakifanya nini usiku wa mbalamwezi, nakala safi ya Redump ni waraka wa watu wengine.

Maana mtangazaji tulikuwa naye. Nilipofika chuoni, hosteli, nikasikia gemu ileile kwenye kompyuta ya rafiki, Mjapani anapiga kelele kila mpira ukivuka nusu ya uwanja, nilishtuka kama mtu aliyekuta mgeni amelala kitandani kwake. Kwetu aliyetangaza alikuwa kijana mmoja mvuvi, amenizidi kama miaka mitano, ambaye mtaa ulimwita kwa jina la samaki. Alisimama nyuma ya mabenchi mikono kifuani. Alitangaza kwa Kiswahili cha redioni, na bao likiingia alihamia Kiha. Alitaja wadhamini: mama wa maandazi, fundi baiskeli, na mimi, "mhasibu wetu mkuu pale mlangoni." Watu walilipia shilingi 100 kucheza na wengine wakaja kumsikiliza tu. Hao sikuwa na safu yao kwenye daftari.

Yeye ndiye aliyetengeneza timu ya Ujiji. Konami haikuwa na leseni za vilabu vingi, kwa hiyo timu kadhaa zilikuja na majina ya ajabu, na gemu ikakupa nafasi ya kubadilisha: jina la timu, jezi, jina la mchezaji, urefu, nywele. Alikaa usiku mzima akifuta klabu moja na kuandika ya mtaa wetu. Vijana 23, majina yao ya utani, kila mmoja na nywele zake. Waliolipa madeni walipewa kasi.

Mwaka 2013 alitoka na wenzake usiku kuvua, upepo ukageuka. Walirudi wawili. Yeye hakupatikana.

Kazi aliyoifanya haikuwemo kwenye diski yoyote kati ya zile 58. Diski haiandikiki baada ya kuchomwa. Mabadiliko yote hukaa kwenye kadi ya kumbukumbu, kipande cha plastiki cha megabaiti 8 kinachochomekwa mbele ya mashine. Skripti yangu isingeiona kamwe. Nilijua hivyo tangu Dar, na ukweli ni kwamba diski zilikuwa sababu niliyoweza kumweleza Bibi. Nilimwuliza Baba mdogo kadi ziko wapi. Akaingia chumbani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na kadi tatu zimefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na chumvi kidogo dhidi ya unyevu.

"Hizi sikuziweka na takataka," alisema.

Kuitoa kadi ilikuwa kazi ya mchana mzima. Chipu iliyoturuhusu kucheza diski feki ndiyo iliyotuokoa: nilichoma programu ya uLaunchELF kwenye CD, mashine moja ikawaka baada ya kupulizwa vumbi, ikaikubali diski yangu kama ilivyokubali nyingine zote. Kutoka hapo unanakili mafaili ya kadi kwenda kwenye flashi, kwa mlango wa USB wa kizamani unaokwenda mwendo wa kinyonga. Kadi ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili haikusomeka. Ya tatu ilikuwa na faili la mpira, na tarehe ya mwisho ya kuandikwa ilikuwa na mwaka usiowezekana, kwa kuwa saa ya mashine ile haikuwahi kurekebishwa.

Jioni alikuja mdogo wake. Sasa ana miaka 20, naye ni mvuvi, na alinisalimu kwa adabu, shikamoo dada, akakaa mbali na kompyuta kana kwamba ni ya serikali. Nilifungua emuleta, nikaipa Mpira Mpya Kweli, CHD ya megabaiti 590, na kadi. Hakuna filamu ya ufunguzi, hakuna muziki. Orodha ya timu ikaja. UJIJI ilikuwa safu ya tatu.

Alisogea. Alisoma majina yote 23 kwa sauti, akieleza kila mmoja alipo: huyu yuko Mpanda, huyu ana duka Gungu, huyu ni mwalimu. Namba 10 alipofika hakueleza kitu. Nywele ndefu kupita zote, urefu sentimita 190, jambo ambalo lilimchekesha.

"Kaka hakuwa mrefu hivi."

"Alijiandikia mwenyewe," nikamwambia.

Aliomba nimwekee kwenye simu. Inawezekana, zipo emuleta za PlayStation 2 za simu na zinasoma CHD, ila simu yake ilikuwa na nafasi ya megabaiti 400 tu. Tukakaa barazani tukifuta video, moja baada ya nyingine, yeye akichagua ipi ibaki.