Saa za Uokoaji Eastlands Zihesabiwe Kwenye Deni la HELB

Marekani, zaidi ya nusu ya wazima moto wote hawalipwi mshahara. Ni mafundi, walimu na wanafunzi ambao mwito wa dharura ukija huacha shughuli zao na kukimbilia kituoni. Miji midogo haimudu kikosi cha kudumu, na vijana wanapozidi kuadimika, baadhi ya majimbo yameamua kuwavuta kwa kuwapunguzia kinachowalemea zaidi, yaani gharama ya masomo. Chama cha wazima moto wa jimbo la New York, FASNY, kilianzisha mpango wa kumrudishia karo ya chuo kijana anayejitolea kikosini, kwa ruzuku ya serikali kuu. Jimbo lenyewe humpunguzia anayestahiki dola 200 za kodi kwa mwaka. Huko hakuna anayeita hilo sadaka, kwa kuwa kumshika mkono kijana aliyekwisha kufunzwa ni nafuu kuliko kuajiri kikosi kizima.

Hesabu hiyo inaifaa Nairobi hata zaidi, kwa sababu katika mitaa ya Eastlands kazi yenyewe tayari inafanywa bure. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Huruma usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 na kuua takriban watu 50, majirani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufukua kifusi. Gesi ilipolipuka Embakasi usiku wa tarehe 1 Februari 2024, karibu watu 300 walijeruhiwa. Katika mitaa ya Pipeline na Tassia ploti zimebanana, na kuna vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupenya. Dakika za mwanzo huwa mikononi mwa wakaazi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, lakini haki hiyo haina maana kama pale kwenye tukio hapana mtu anayejua kuzuia damu au kumbeba aliyeumia mgongo. Moyo wa kusaidia upo tele. Kinachopungua ni mafunzo, vifaa, na vijana wenye nafasi ya kurudi mazoezini wiki baada ya wiki.

Nafasi hiyo huliwa na madeni pia. Mhitimu wa Kayole au Dandora aliyesoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza, kwa riba ya asilimia 4, na anayeshindwa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. HELB imewahi kufuta faini hizo kwa wanaolipa deni lote kwa mkupuo. Msamaha basi si jambo geni kwetu, ila umekuwa ukimwendea mwenye fedha mkononi. Asiye na fedha lakini ana muda na mikono aruhusiwe kulipa kwa hivyo viwili: saa za huduma zilizothibitishwa zisimamishe faini kwanza, kisha zipunguze deni lenyewe mwaka baada ya mwaka.

Pingamizi zito ni kwamba anacholipa mhitimu wa jana ndicho anachokopeshwa mwanafunzi wa leo. Ni kweli, na ndiyo maana HELB isibebeshwe gharama hii. Alipe anayehudumiwa, yaani kaunti, ambayo Jedwali la Nne la Katiba limeikabidhi kazi ya kuzima moto na kukabili majanga. Kanuni hiyo tulishaikubali Septemba 2023, wahudumu 100,000 wa afya ya jamii walipopangiwa posho inayochangiwa na serikali kuu na kaunti. Wengine wanahofia majina hewa, na hofu hiyo ina msingi. Lakini Marekani inatuonya juu ya kosa la pili: mpango wake wa mwaka 2007 wa kufuta mikopo ya watumishi wa umma ulidai malipo 120, na waombaji wa mwanzo walipojitokeza 2017, karibu wote walikataliwa kwa sababu ya masharti na fomu. Rejista ijazwe siku ile ile ya huduma, na itunzwe na wanaotoa mafunzo, kama Msalaba Mwekundu au St John, wala si ofisi ya mwanasiasa.

Kwa wanaosema kujitolea kukilipwa kunakufa, nawajibu kwamba hakuna anayeingia kwenye moto kwa ajili ya punguzo la deni.

Linaloniuma zaidi ni hili: wengi wanaofika kwanza hawajawahi kukanyaga chuo kikuu. Fundi wa kuchomelea anayekata vyuma vya dirisha na mwendesha boda anayewahisha majeruhi hospitalini hawana deni la HELB la kufutwa. Mpango wa wahitimu peke yao ungewagawa watu wanaobeba machela moja. Kaunti ina mfuko wa basari. Saa za fundi huyo ziingie humo, zilipe karo yake ya chuo cha ufundi au ya mtoto wake wa sekondari, na kila saa yake ihesabiwe kwa thamani ile ile ya saa ya mwenye digrii.